Mlango wa Mtoto Mmoja: Hotuba kwa Waamini na Walimu



Jimbo letu la Singida liliundwa tarehe 25 Machi 1972, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Bernard Mabula. Mwaka 2022 lilitimiza miaka 50. Katika kushangilia jubilei hiyo wengine wamepewa kazi ya kueleza habari za mapadre wa kwanza, wengine habari za makanisa, za shule na za hospitali. Mimi nimeombwa niseme juu ya kazi za huruma vigangoni. Nami nimeona ni afadhali nisizitaje kazi nyingi kwa majina tu, kama mtu asomaye daftari la mahudhurio. Nitasema juu ya kazi moja, tena ndogo, tena haijamalizika: ni kazi ya kutengeneza nyumba ya mtoto mmoja asiyeweza kutembea.

Lakini kwanza tukumbuke maana ya jubilei. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, iliamuru kwamba mwaka wa hamsini baragumu lipigwe nchini kote, watumwa waachwe huru, na kila mtu aliyepoteza urithi wake arudi kwake na kwa jamaa zake. Basi jubilei kwa asili yake si ngoma wala karamu, ingawa ngoma na karamu si dhambi. Jubilei ni kurudi nyumbani. Nami nawauliza: mtu asiyeweza kuingia mlango wa nyumba ya baba yake mpaka abebwe kama gunia, huyo jubilei yake iko wapi?

Katika kigango chetu yuko binti wa miaka 11. Sitataja jina lake, wala jina la kijiji, kwa kuwa ni mtoto, na shida yake si mali ya watu wote. Wazazi wake wamenipa ruhusa ya kuyasema haya. Binti huyu ana ugonjwa uitwao mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa, mkono mmoja haumtii, na maneno yake hutoka polepole. Zamani majirani walinong'ona kwamba ni laana, au ni uchawi, au ni dhambi ya mama. Hata mimi, niliyefundishwa katika shule ya misheni, nalinyamaza niliposikia manong'ono hayo, na kunyamaza kwangu kulikuwa kama kukubali.

Waganga wa hospitali wametufundisha vinginevyo. Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo wa mtoto unapodhurika kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Pengine mama amepata uchungu wa muda mrefu na mtoto akakosa hewa. Pengine ni manjano kali ya mtoto mchanga. Pengine ni homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Wala si kweli kwamba kila mwenye viungo vizito ana akili nzito. Binti huyu ajua sala zote, na ajua kuku wa mama yake mmoja mmoja kwa rangi zao. Mitume nao waliwahi kumwuliza Bwana juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Na Bwana akakataa yote mawili. Tungalilisikiliza jibu lile kwa moyo, mama huyu asingalilia peke yake miaka mingi hivyo.

Basi mwaka jana twalipata habari njema. Wafadhili walileta kiti cha magurudumu. Nalikipokea mimi mwenyewe, nikakipakia juu ya gari, nikafika nacho kwa shangwe. Mama walipiga vigelegele. Mtoto aliwekwa kitini, akacheka, picha zikapigwa, na mimi nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi ya siku.

Baada ya majuma matatu nalipita tena pale. Nalikiona kiti nje, chini ya mti, kuku wawili wamelala juu yake. Nikakasirika kidogo, nikamwuliza mama, "Mbona zawadi ya watu imeachwa hivi?" Mama akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, kiti hakipiti mlangoni."

Nikapima. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 62, na kiti sentimita 66. Tena msingi wa nyumba umeinuliwa sentimita 45 kutoka uwanjani, ili maji ya mvua yasiingie, na mbele ya mlango pana vidato viwili vya mawe. Choo kiko nyuma, hatua arobaini, kwenye njia ya kokoto, nacho ni shimo la kuchutama. Mtoto asiyeweza kusimama atachutamaje? Kwa hiyo mama alikuwa akimbeba mgongoni, kuingia na kutoka, mchana na usiku. Alipokuwa na miaka 3 alikuwa mwepesi. Sasa ana miaka 11, na mgongo wa mama umeanza kukataa. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nalikuwa nimeutazama mzigo ule miaka mingi, nikauona usufi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka habari ya mtu mwenye kupooza kule Kapernaumu, iliyoandikwa na Marko katika sura ya 2, na Luka katika sura ya 5. Ninyi wa Singida mwaifahamu habari ile kuliko watu wa nchi nyingine, maana babu zetu walikaa katika tembe. Mwajua jinsi tembe lilivyojengwa: nguzo na miti, juu yake fito na matawi, na juu ya hayo udongo ulioshindiliwa, paa likawa bapa, hata mtu aweza kuanika mtama juu yake. Nyumba za Wayahudi wa siku zile nazo zilikuwa na mapaa bapa ya miti na udongo. Basi watu wanne walimchukua rafiki yao, wakafika, wakaukuta mlango umezibwa na umati. Hawakumwambia mgonjwa, "Jitahidi upite." Wala hawakumwambia, "Tutarudi siku watu watakapopungua." Walipanda juu, wakalifumua paa, wakamteremsha na kitanda chake.

Angalieni jambo hili, ndugu. Mtu yule hakubadilishwa ili aiingie nyumba. Nyumba ilibadilishwa ili imwingize mtu. Uponyaji ulikuja baadaye, nao ni kazi ya Mungu. Kulifumua paa kulikuwa kazi ya watu wanne wenye mikono miwili kila mmoja. Sisi twapenda kuomba muujiza wa miguu, na ni vema kuomba. Lakini mlango hauhitaji muujiza. Wahitaji fundi, nyundo, na fedha kidogo.

Nalileta neno hili katika jumuiya zetu. Twalikubaliana kuchanga. Lakini sasa yanipasa kuungama kosa la pili, maana la kwanza nimekwisha kulisema. Twalimwita fundi, twalinunua saruji, na kwa mchana mmoja twalijenga njia ya mteremko mbele ya mlango, yenye urefu wa mita moja na nusu. Twalifurahi, tukapiga makofi. Kisha nikasema, "Ngoja nijaribu mimi kwanza." Nikaketi kitini, kijana mmoja akanisukuma. Nusu ya njia, magurudumu ya mbele yaliinuka, nami nikaanguka kichalichali, kofia yangu ikaenda upande wake. Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini mama wa mtoto hakucheka. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, kwa kuwa alijua angalikuwa nani juu ya kiti kile kama si mimi.

Kumbe jambo hili lina kanuni yake, nayo si ngumu. Kwa kila shubiri moja ya kupanda, njia itolewe shubiri kumi na mbili za urefu. Msingi wa sentimita 45 wataka njia ya mita 5 na sentimita 40. Kando zake zijengwe ukingo mdogo, gurudumu lisichopoke. Juu, mbele ya mlango, pawe na mahali tambarare pa kutosha kiti kugeuka, kama mita moja na nusu kila upande. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90, ili vidole vya mwenye kusukuma magurudumu visichubuke. Sakafu ya njia isisuguliwe ikawa laini, bali ikwaruzwe kwa ufagio saruji ikiwa mbichi, ili isiteleze wakati wa mvua. Walimu, yaandikeni haya katika madaftari yenu. Yatawafaa hata shuleni.

Mifuko minne ya saruji ilipotea katika njia ile ya kwanza, kwa bei ya shilingi 20,000 kila mfuko. Yaani shilingi 80,000 za waamini zimevunjwa na kufukiwa. Naliwaomba radhi waamini siku ya Jumapili, nami naomba tena hapa. Kosa letu halikuwa haba ya moyo. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukumwuliza mtu. Twalijenga kwanza, tukauliza baadaye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi twaliketi chini, tukamwuliza mama. Kisha twalimwuliza na mtoto mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kabla. Mimi nalidhani atasema ataka kuja kanisani. Alikaa kimya kitambo, akayakusanya maneno yake, akasema, "Nataka kwenda chooni peke yangu."

Ndugu zangu, wengine wataona neno hili halifai kusomwa katika kitabu cha jubilei. Mimi naona lafaa sana. Binti wa miaka 11 aanza kuwa mwanamwali. Heshima yake haianzii altareni, yaanzia pale. Mtoto huyu hakutuomba dhahabu wala huruma. Alituomba faragha, kitu ambacho sisi tumepewa bure hata hatujui kuwa ni kitu.

Tangu siku ile mpango wetu uligeuka. Njia ndefu ikajengwa kwa mawe, ambayo Mungu ametupa tele katika nchi hii hata mtoto hawezi kurusha jiwe lisigonge jiwe. Milango miwili ikapanuliwa. Njia ya kwenda nyuma ikasawazishwa na kushindiliwa. Na mwisho wake kijengwe choo chenye kiti cha saruji, chenye vyuma viwili vya kushika ukutani, na mlango ufungukao kwa nje.

Sasa nieleze jinsi fedha zilivyopatikana, maana pengine vigango vingine vitataka kufanya vivyo hivyo. Mambo matatu twaliyashika.

La kwanza, hatukumsimamisha mtoto mbele ya watu ili waone haya na kutoa. Hatukuzungusha picha yake. Twalitangaza kazi, hatukumtangaza mtoto. Mwenye shida asiuze uso wake ili apate mlango.

La pili, kila mtu alitoa alicho nacho. Hapa petu fedha taslimu ni chache ila wakati wa mavuno. Kwa hiyo aliyekuwa na alizeti alileta alizeti, aliyekuwa na kuku alileta kuku. Mjane mmoja alileta mayai manane katika kitambaa, akaomba radhi kuwa ni machache. Yakaliwa na vijana waliochimba msingi, na kazi ikaenda. Vijana walisomba mawe Jumamosi tano. Wala wasiokuwa Wakatoliki hawakukaa kando. Fundi aliyepanua milango ni Mlutheri, naye alikataa nusu ya ujira wake. Mwislamu mmoja mwenye duka alituazima gari lake kuchukua mchanga, akasema hataki shukrani, maana jirani ni jirani. Injili haituambii wale wanne waliolifumua paa walikuwa watu wa namna gani. Yatuambia tu kwamba kila mmoja alishika pembe yake ya kitanda.

La tatu, hesabu husomwa mbele ya watu kila mwezi, na daftari liko mezani, kila mtu alitazame. Nami nawasomea na ninyi. Makadirio ya kwanza ya kazi yote yalikuwa shilingi 1,180,000. Baada ya kosa letu yalifika shilingi 1,260,000. Tumepata fedha taslimu shilingi 512,000. Magunia 6 ya alizeti yameuzwa shilingi 270,000. Kuku 14 wameuzwa shilingi 210,000. Jumla ni shilingi 992,000. Zimebaki shilingi 268,000. Njia imekwisha, milango imekwisha. Kilichobaki ni choo, yaani kitu kile kile alichokiomba mtoto. Sisi tulianza na vitu tulivyovipenda sisi, na ombi lake likawa la mwisho. Twataka likamilike kabla mvua za Desemba hazijajaza shimo.

Najua yapo maneno ya kupinga, nami sitayakwepa, maana waliyoyasema ni watu wema.

Wengine walisema, "Fedha nyingi hivi kwa mtoto mmoja? Si afadhali zingetengeneza paa la kanisa?" Kwa kweli paa la kigango chetu lavuja. Lakini Bwana wetu alipoona paa la nyumba likifumuliwa kwa ajili ya mtu mmoja, hakukemea. Aliitazama imani yao. Tena Injili haisemi ni nani aliyelitengeneza paa lile kesho yake. Mimi nadhani ni wale wale wanne. Ambaye ameweza kulifumua paa kwa upendo, hashindwi kulirudishia kwa upendo. Tukimaliza choo cha mtoto, hatutachoka kupanda juu ya kanisa.

Wengine walisema, "Apelekwe katika kituo cha watoto wa namna yake." Hili si neno baya. Kanisa la nchi yetu lina sifa njema katika kazi hiyo. Jirani zetu Waanglikana walianza shule ya wasioona Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Watoto wengi wamepata nuru humo, na wapo watoto ambao matibabu au masomo yao yahitaji mahali pa namna hiyo. Lakini hata mtoto aliyepelekwa shule ya mbali hurudi nyumbani wakati wa likizo, na hurudi amalizapo masomo. Akirudi akakuta mlango ule ule wa sentimita 62, tumemfundisha nini kuhusu nyumbani? Tena mtoto huyu ana mama ampendaye, na baba alimaye kwa ajili yake. Asifukuzwe na kizingiti.

Wengine walisema, "Hii ni kazi ya Serikali." Serikali ina wajibu wake. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Yatupasa kuzijua sheria hizo, na kwenda ofisini kuuliza kwa heshima bila kuchoka. Lakini sheria haibebi kokoto. Kati ya siku ya kuuliza na siku ya kujibiwa, mama yule ambeba mtoto mara nane kwa siku.

Sasa neno langu kwa walimu. Nendeni mkazitazame shule zetu kama ambao hamjapata kuziona. Hesabuni vidato vya darasa. Pimeni mlango wa choo. Kisha ulizeni kijijini ni mtoto yupi ambaye jina lake halimo katika daftari lenu. Mara nyingi jibu si kwamba wazazi hawapendi elimu. Jibu ni kidato kimoja cha mawe kilichojengwa na fundi asiyekuwa na nia mbaya. Na kwetu makatekista ni hivyo hivyo. Nalikwenda kupima mlango wa kanisa letu la kigango baada ya haya yote. Vidato vitatu. Miaka yote nalikuwa nikimpelekea mtoto huyu Komunyo nyumbani, nikijisifu kwa upole wangu, wala sikujiuliza kwa nini yeye haji.

Jumapili ya pili baada ya njia kukamilika, nalipita pale jioni. Mtoto alikuwa juu ya kiti, kwenye njia, peke yake. Aliteremka polepole, mkono wake mzuri ukilizuia gurudumu, akafika uwanjani. Akageuka, akapanda tena, akapumzika katikati, akafika juu, akaingia ndani. Kisha akatoka tena. Mama yake alikuwa amekaa kando ya moto, akichambua mboga, hakuinuka. Akaniambia, "Tangu asubuhi aingia na kutoka. Namwacha."

Ndugu wapendwa, hiyo ndiyo jubilei niliyoiona mimi: mtoto aliyerudi nyumbani kwa baba yake mara nyingi katika siku moja, kwa sababu tu aliweza.

Basi naomba mambo mawili. Shilingi 268,000 zapungua. Aliye na gunia, na alete gunia, aliye na yai, na alete yai. Haba na haba hujaza kibaba. Na la pili, kila mmoja akirudi kwake leo, achukue kamba au fimbo, apime mlango wa jirani mwenye shida, kisha amwulize mwenyewe ataka nini, kabla hajanunua saruji.

Mungu awabariki ninyi, na nyumba zenu, na wote waingiao na watokao humo.

Tumsifu Yesu Kristo.